Aliyeagwa Kibera Akaonekana Kawangware

Siku Kibera ilipomuaga Oketch, watu walilia mpaka wapita njia wakauliza ni nani amekufa. Hakuna aliyekuwa amekufa. Ni mzee tu aliyekuwa amefikisha miaka hamsini na mitano, serikali ikamwambia asante, basi akatakiwa kurudi nyumbani. Hilo halijaandikwa mahali, lakini kila Mjaluo anayepanga chumba Nairobi analijua. Nairobi ni ya kazi. Kazi ikiisha unafunga mzigo, unaenda ziwani, unalima mtama, na unaanza kuwaonyesha watoto mahali utakapozikwa.

Huo ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na nne. Kwa miaka thelathini na mmoja Oketch alikuwa ameendesha lifti katika jumba moja la serikali lenye gorofa kumi na nne. Alikuwa na kistuli chake pembeni na vitufe vyake ukutani, na swali moja: "Unaenda gorofa gani?" Kwa swali hilo alijua mambo ya nchi kuliko gazeti. Alijua nani anapanda kwa bosi akirekebisha tai kila gorofa, na nani anashuka akiwa hana kazi tena. Vijana wa Kibera wakimcheka kwamba kazi yake ni kubonyeza tu, alikuwa akiwaka: "Wewe jaribu kubonyeza watu elfu mbili kwa siku, halafu uje tuongee."

Waliomuaga ni Welfea, yaani chama cha watu wa lokesheni moja kule nyumbani, ambao hukutana Jumapili ya kwanza ya mwezi ili kusafirisha maiti kwenda nyumbani na, mara mojamoja, kumsafirisha aliye hai. Mwenyekiti wake ni Naftaly. Naftaly alizaliwa na koo la kuhutubia. Alikuwa amehama Kibera akaenda mtaa wa Olympic, mwendo wa kutema mate, lakini ukimsikia akisema "kule kwetu Olympic" utadhani alipanda ndege. Alihutubu saa mbili. Katibu, Akoth muuza omena, dagaa wa ziwani, akasoma orodha ya zawadi: wilbaro moja, majembe mawili, blanketi, na gambuti saizi tisa. Oketch huvaa saba.

Ikafika zamu ya mwenye siku kujibu. Hapo ndipo alipoharibu. Angesema asante akakaa, leo tusingekuwa na habari yake. Lakini sifa zilikuwa zimempanda kichwani, akasimama juu ya benchi.

"Ndugu zangu! Nairobi nimeikata kama kitovu! Mkiniona tena hapa Kibera, mnipige mawe!"

Watu wakapiga vigelegele. Kesho yake wilbaro ikafungwa juu ya basi, miguu juu, mwenyewe akaketi chini yake kwa heshima zote.

Sasa, nyumbani kulikuwa na mke wake, Adhis. Adhis aliishi kule miaka yote ambayo Oketch alikuwa akipandisha na kushusha wakubwa. Alilea watoto, akajenga nyumba ya mabati kwa pesa zilizotumwa, akafuga ng'ombe wanne, akaanzisha kikundi cha akina mama cha kusuka mikeka. Mumewe alimjua kama mtu wa Disemba. Mtu wa Disemba anachinjiwa kuku, anapashiwa maji ya kuoga, anasikilizwa stori zake za lifti, halafu mapema Januari anasindikizwa barabarani na njugu kwenye mfuko.

Wiki ya kwanza alichinjiwa kuku wawili. Wiki ya pili ikawa omena. Wiki ya tatu Adhis akamwambia mboga iko kwa sufuria, ajipakulie, yeye anaenda kwa kikundi.

Oketch akaamua kusaidia. Alihamisha kibanda cha kuku, kuku wakalala juu ya mti usiku tatu. Alijaribu kupeleka ng'ombe mtoni, lakini ng'ombe walimtazama kama askari wa kanjo la jiji wanavyomtazama mwenye toroli, akarudi peke yake. Mwisho akaweka kiti langoni, na kila aliyeingia akamuuliza, "Unaenda wapi?" Akina mama wa mikeka wakajibu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu wakahamishia kikundi kwa jirani.

Jioni hiyo Adhis alikaa karibu naye, akamwongelesha kwa upole kabisa.

"Baba Chris, likizo yako inaisha lini?"

"Likizo gani? Mimi nimestaafu."

"Najua umestaafu. Nauliza inaisha lini."

Oketch hakulala. Siku ya thelathini na nane alikumbuka kwamba faili yake ya pensheni ina kasoro fulani ambayo lazima ifuatiliwe Nairobi. Adhis hakuuliza ni kasoro gani. Alimkaangia njugu, akamsindikiza hadi barabarani kwa mwendo ambao mzee ilibidi aukimbilie.

Alipofika mjini miguu yake ilitaka Kibera. Huko ndiko kulikuwa na watu waliomwita Jaduong', mzee wa kuheshimiwa. Huko ndiko kulikuwa na mikutano, mabishano ya nani aongee kwanza, na mlango wake uliotazama njia. Lakini akakumbuka yale mawe. Isitoshe, chumba chake kilikuwa kimechukuliwa na kinyozi. Mtu aliyeliliwa kiasi kile atatokeaje kwa njia siku arobaini baadaye, na begi lile lile, asalimie "niaje"?

Basi akaenda kujificha Kawangware, kule Gatina, kwa Muia.

Muia ni Mkamba wa Machakos. Alikuwa mesenja katika jumba lile lile, akastaafu miaka miwili mapema, na tangu hapo alikuwa na furaha ya kuudhi. Aliamka saa nne. Alikunywa chai. Alikaa mbele ya nyumba akachonga twiga wa mti, akamaliza, akamwangalia, akaanza mwingine. Mkewe Nzembi alikuwa na kibanda cha mboga. Oketch akapewa kochi na amri ya kutogusa chochote.

"Rafiki yangu, kustaafu ni kitu kitamu," Muia alimwambia. "Chukua kisu. Chonga."

Oketch akachonga twiga. Shingo ikakatika, akasema ni kiboko. Miguu ikawa myembamba, akasema basi ni mbuzi. Muia alimgeuza yule mnyama huku na huku.

"Huyu ni nani?"

"Nimekuambia ni mbuzi."

"Na mbona anacheka?"

Akaacha kuchonga. Akajiunga na kwaya ya kanisa la kina Muia, akaimba Kikamba asichokijua kwa sauti ya kutisha, mpaka mwalimu wa kwaya akamshauri asali zaidi na kuimba kidogo. Akaona jengo la kupangisha la gorofa nne pale Gatina, halina lifti, lina ngazi tu na giza. Akasimama chini ya ngazi asubuhi na mapema, shati limepigwa pasi, akaanza: "Habari ya asubuhi. Unaenda gorofa gani?"

Siku zile, mzee nadhifu anayesimama mlangoni na kuuliza watu wanaenda wapi alikuwa na maana moja tu: upelelezi. Redio zikazimwa. Mpangaji mmoja wa gorofa ya tatu, ambaye aliwahi kuhudhuria mkutano wa upinzani akiwa anapita tu, alihama na godoro kabla ya saa sita. Mwenye jengo, Waithaka, akaja mwenyewe na soda mbili na bahasha, akimwita "afande" na kumwomba asiandike kitu kibaya. Oketch alipomwambia kwamba yeye ni mwendesha lifti tu, Waithaka akaelewa kwamba hiyo ndiyo kazi ya kuficha ile nyingine, akaongeza soda ya tatu.

Kila Jumapili Oketch alitembea hadi Ngong Road, akasimama ng'ambo ya huku, akatazama upande wa Kibera. Halafu anarudi. Muia aliacha hata kumuuliza. Nzembi ndiye hakuacha.

"Oketch, si uende tu? Watakula wewe?"

"Mama, wewe hujui Wajaluo. Walishaniaga."

"Sasa?"

"Sasa mimi nimeenda."

Ikafika Jumamosi moja mwezi wa nane. Nzembi alikuwa amempeleka sokoni Kawangware kumbebea gunia la sukuma wiki. Akoth, katibu wa Welfea, alikuwa amekuja huko huko kutafuta bei nzuri ya omena. Walikutana uso kwa uso kati ya nyanya na viazi. Oketch alijaribu kuinua gunia lifunike kichwa. Likafunika kichwa. Tumbo likabaki.

"Oketch!" Akoth akapiga kelele, mikono kiunoni. "Si tulikupeleka?"

"Akoth, dada yangu. Nimekuja jana tu, mambo ya pensheni..."

"Jana?" Nzembi aligeuka na shilingi kumi mkononi. "Jana gani? Huyu amemaliza kochi langu miezi minne!"

Akoth alicheka mpaka akakalia debe la mtu. Lakini alipofika Kibera alikuwa ameshageuka katibu, na Jumapili ya kwanza ya Septemba Oketch akaitwa mbele ya Welfea, nyumbani kwa Naftaly, Olympic, katika sebule yenye vitambaa vyeupe kila mahali isipokuwa juu ya watu.

Alienda. Alikuwa amenyoa. Alijiambia kitu kimoja njia nzima: wanirudishe, hata kwenye benchi ya nyuma.

Naftaly alifungua daftari.

"Katika kumbukumbu za mwezi wa tatu imeandikwa hivi: Oketch amerudi nyumbani kabisa. Kumbukumbu hizo zilisomwa na kuthibitishwa. Sasa nauliza kikao hiki. Huyu aliyekaa hapa, kwa mujibu wa daftari, ni nani?"

"Ni Oketch," mtu mmoja akasema.

"Kwa mujibu wa daftari, nimesema!"

"Alisema tumpige mawe," akakumbusha mwingine, bila ubaya, kama mtu anayetaja jambo lililobaki katika ajenda.

"Tukimuaga tena?" wa tatu akapendekeza.

"Mimi nilishalia yangu," Sella, jirani yake wa zamani, akasema. "Siwezi kurudia machozi yale yale kwa mtu yule yule."

"Na wilbaro iko wapi?" Naftaly akauliza.

"Iko nyumbani," Oketch akajibu.

"Kwa hivyo wilbaro imetii, wewe ndiye umekataa."

Kicheko kikazunguka. Naftaly akangoja kiishe. "Na mama watoto anasema nini?"

Oketch alitoa barua ya Adhis mfukoni, akaikunja tena bila kuisoma. "Anasema nisihangaike kurudi mbio. Anasema faili za serikali huchelewa."

Hapo wanawake wakacheka peke yao, kicheko kingine kabisa. Oketch akasimama. Safari hii hakupanda benchi.

"Sikilizeni. Mimi siwezi ng'ombe. Nawaogopa. Mtama siujui. Miaka thelathini nimeenda kwangu kama mtu wa kupewa kuku, na kuku wamekwisha. Kule ni mgeni. Kwa Muia ni mgeni. Watu ninaowajua mimi ni nyinyi, na hata nyinyi mnanikera. Lakini ni nyinyi. Naomba kurudi."

Mzee wa Kijaluo kukiri mbele za watu kwamba anaogopa ng'ombe si jambo dogo. Wanaume wawili waliokaribia kustaafu walitazama viatu vyao.

Naftaly aliinama kwa watu wake wa mbele, wakanong'ona. Akainuka, uso umejaa huruma ya ofisi.

"Tumepata njia. Daftari haliwezi kufutwa. Lakini chama kinaruhusiwa kuwa na mgeni wa heshima. Kwa hivyo Jaduong' atakuja kila mkutano kama mgeni wa heshima. Atapewa kiti cha peke yake. Atahudumiwa kwanza. Hatapiga kura, hatatumwa popote, hatafanya kazi yoyote. Apumzike. Makofi!"

Wakapiga makofi. Waliona wamemfanyia jambo kubwa, na ukweli ni kwamba hawakuwa na ubaya hata kidogo. Ndiyo maana lilimkata maini. Kiti kikaletwa, cha mikono, kitambaa kikanyooshwa mgongoni pake. Soda ikafunguliwa. Kipande cha kuku kikawekwa mbele yake, paja.

Oketch alilitazama lile paja muda mrefu.

Halafu akainua mikono, akaanza kuokota vikombe. Kile cha Sella, vile vya wanaume wawili wa viatu, kile cha Naftaly ambacho kilikuwa bado kina chai. Akavipanga kifuani mpaka kidevuni, akapita katikati ya sofa na vitambaa, akaingia jikoni.

Jikoni wanawake watatu waliacha kupakua. Mwanamume wa umri ule haingii jikoni kwa watu, na akiingia, basi amepotea njia ya choo.

"Jaduong', wacha!" Akoth alimfuata mbio. "Utatuaibisha. Mgeni haoshi vikombe!"

"Ndiyo maana naviosha."

"Oketch!" Naftaly aliita kutoka sebuleni. "Hatujamaliza ajenda!"

Oketch alikunja mikono ya shati. Alifungua mfereji, maji yakaruka yakamlowesha tumbo zima, akatukana kwa Kijaluo, akapunguza.

"Sabuni iko wapi?"

Hakungoja kujibiwa. Alianza bila sabuni, akisugua kikombe cha mwenyekiti kwa vidole, vibaya, masalio ya chai yakibaki chini. Akoth alimtazama anavyoharibu kazi. Alivumilia kikombe cha kwanza. Alivumilia cha pili. Cha tatu akamnyang'anya, akakitazama ndani, akakirudisha majini.

"Hii unaita kuosha?" Akamrushia kipande cha sabuni. Kisha akaburuta kutoka chini ya meza ile sufuria kubwa ya ugali, imekauka pande zote, akaibwaga miguuni pake.

"Ukimaliza hivyo, kuna hii. Na nje kuna nyingine mbili."