Chungu Kilichotanuliwa Tumbo

Juzi, sokoni Nyakahura, niliokota sufuria nikaigonga kwa kidole, nikasikiliza, nikaigonga tena. Muuzaji akacheka: "Mama, unanunua sufuria au ngoma?" Nikamdai apunguze bei kwa kunicheka.

Kugonga kule nilikurithi kwa bibi yangu, mfinyanzi, kwetu Ngara. Bei yake haikuwa na maneno: unajaza chungu maharage au mahindi, nafaka inabaki, wewe unaondoka na chungu. Lakini kwanza alikigonga. Kikilia vizuri, kinauzwa. Kikikwaruza, kuku watakinywea maji.

Wakimbizi walipovuka mpaka kuja kwetu, vilima vya jirani vikawa mji wa maturubai. Vyungu vyao walikuwa wameviacha walikokimbia, na mgao uliwapa mahindi. Tuliondoka alfajiri na vyungu, tukarudi na nafaka. Wauza ndizi walipata, mwenye mashine ya kusaga alipata. Mimi, miaka kumi na mmoja na ulimi wa dalali, nikaona mbali: "Bibi, tanua tumbo, punguza unene. Udongo uleule, mahindi zaidi."

"Chungu si mfuko," akasema. Lakini nyasi za paa letu zilivuja, na bati siku zile lilipatikana kwa mahindi. Akatanua. Kwa haraka ile, kugonga nako akaacha.

Mama mmoja wa kambini akarudi na vigae kwenye kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Chungu chako kimemwaga maharage motoni. Watoto wamelala njaa."

Hakupaza sauti. Afadhali angetukana, ningejua pa kuanzia. Bibi alimrudishia mahindi yake, akamwongezea yetu ya jioni. Mimi hakunitazama.

Wiki iliyofuata tulimkuta yule mama akipikia kwenye kopo la mafuta ya mgao. Majirani zake vilevile. Bibi akaligonga lile kopo. "Linalia vibaya," akasema, "lakini halimwagi." Hakufinyanga tena.

Kambi ilifungwa, malori yakaondoka, mashine ya kusaga ikanyamaza. Watu huhesabu faida ya miaka ile, nayo ilikuwapo: mabati yetu bado yako juu. Mimi nahesabu mara mbili. Najua makopo yangeviua vyungu hata bila mimi. Ila yangechelewa kidogo, nami pengine ningejifunza kukanda. Udongo bado upo bondeni. Vijana wanaufyatulia matofali.

Sufuria niliinunua. Nyumbani nikaigonga tena. Ililia kama sufuria nyingine zote.