Picha Niliyoambiwa Niikunje Mamboya

Siku yangu ya kwanza kazini Kilosa, miaka ile vijiji vya Ujamaa ndiyo kwanza vinaanza, Mganga Mkuu wa Wilaya alinikabidhi kitabu kinachonuka wino mbichi. Ilikuwa kozi mpya ya wakunga wa jadi, na mimi, muuguzi niliyetoka chuoni juzi, ndiye wa kwanza kuifundisha.

"Watoto wanakufa kwa pepopunda kwa sababu kitovu kinakatwa kwa utete mchafu wa bua," aliniambia. "Wakunga wakimaliza kozi, kila mmoja akate kwa wembe uliochemshwa. Wakikukimbia, kozi imekufa."

Kijijini Mamboya, juu mlimani, nilikuta wakunga tisa, wote akina bibi. Niliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, wakaitikia vizuri tu. Nilipotundika picha kubwa ya mtoto anavyozaliwa, wote wakainamisha macho. Nilidhani hawajaelewa, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Ujana bwana.

Mwishowe Bibi Agnesi, mkubwa wao, akauliza, "Mwanangu, umeshazaa?"

"Bado, bibi."

"Basi ikunje hiyo picha. Mambo haya hatuyasemi mbele ya asiyezaa."

Niliona aibu, tena nilikasirika. Lakini niliogopa zaidi kurudi Kilosa mikono mitupu huku watoto wakiendelea kufa. Nikamwuliza kama kuchemsha wembe nako ni mwiko.

Akacheka. "Kuchemsha si kupika tu?"

Basi nikafundishia jikoni: kuchemsha wembe na uzi wa kufungia kitovu, kukata kucha, kunawa kwa sabuni. Mambo ya uzazi wenyewe walizungumza ndani, mlango umefungwa, Bibi Agnesi akiongoza, mimi nje nachambua maharage. Hapo ndipo aliponikuta msimamizi wa kozi.

"Darasa liko wapi?"

"Ndani, bwana."

"Na mwalimu?"

"Naye yuko ndani."

Aliniandikia barua ya onyo. Nililia, sifichi. Kisha nikahamishiwa zahanati ya Mikumi, bila kujua kama wale bibi wanachemsha kweli au waliniridhisha tu.

Sasa nimestaafu. Mabinti wauguzi huniuliza nilifundisha kozi ngapi, nami sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba nilipoolewa na kubeba mimba ya kwanza, niliacha kujifungulia wodi ya Kilosa nikapanda Mamboya, wenzangu wakinicheka. Uchungu ulipokolea nilisikia maji yakitokota jikoni, na wembe ukigonga sufuria. Bibi Agnesi akaniwekea mtoto kifuani, kitovu kimefungwa kwa uzi safi.

"Haya, mwalimu," akasema. "Sasa itundike ile picha yako."