Mayai Chini ya Kitanda

Mimi napenda kushinda, na sioni haya kusema. Matroni wetu, pale chuoni Mandewa, alipotangaza mashindano ya kubana umeme kati ya mabweni mawili ya wasichana, nilijiteua kuwa mkuu wa swichi kabla hajamaliza kusema. Masharti yalikuwa mepesi. Bweni litakalotumia uniti chache hadi mwisho wa muhula litachinjiwa mbuzi, na watakaoshindwa watapika na kuosha masufuria.

Basi nikawa kero. Nilizima taa za korido watu wakiwa bado wanapita. Nilikusanya hita za maji nikazifungia sandukuni kwangu, na upepo wa Singida mwezi wa sita si wa mchezo. Wenzangu walioga maji baridi huku wakiniita majina ambayo mama yangu hakunipa. Jioni tulijazana chumba kimoja tukisoma kwa taa moja, na kusema kweli ilikuwa raha, maana kila mtu alikuja na umbea wake.

Lakini kila Jumamosi matroni aliposoma mita mbele ya wote, sisi tulikuwa nyuma. Kidogo tu, ila nyuma. Bweni la pili wakatupigia vigelegele na kutuuliza kama tunajua kusugua ukoko. Nikaapa kumsaka anayetunyonya.

Nilimpata chumba cha mwisho, kwa msichana mpole wa Sepuka. Chini ya kitanda chake boksi la katoni lilikuwa linatoa mwanga. Ndani mlikuwa na balbu, kikombe cha maji, na mayai yamelazwa juu ya pumba.

"Usizime dada, nakuomba," alisema kabla sijafungua mdomo.

Ugonjwa wa kideri ulikuwa umepita kwao, ukamaliza kuku wote wa mama yake. Mayai alipewa na shangazi yake wa Ikungi, apate mbegu ya kumpelekea mama aanze upya. Yalibakiza siku chache tu.

Nilikasirika, sikatai. Mbuzi wetu alikuwa anaponyokea kwenye balbu ile! Lakini nani Singida, mkoa wa kuku, atazima taa ya mayai yenye uhai ndani? Niliwaita wenzangu, tukachutama kuzunguka boksi, tukakubaliana balbu iwake na simu zichajiwe kwa zamu.

Kumbe adui alikuwa mwingine. Mchana mmoja umeme ulikatika mji mzima. Msichana wa Sepuka alikaa sakafuni amelikumbatia boksi, analia. Mimi nikatimka hadi bweni la pili, walikokuwa wameinjika maharage kwenye jiko la mkaa.

"Umekuja kufanya mazoezi ya kuosha?" wakanidhihaki.

Nikawaeleza. Kicheko kikakatika, sufuria la maharage likashushwa, maji yakabandikwa. Walikuja nyuma yangu na chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kwenye kanga, tukazipanga kandokando ya mayai. Mmoja wao akawa analigusisha yai kwenye kope la jicho, kama bibi yake alivyomfundisha, kujua kama limepoa. Tulibadilishana chupa hadi umeme uliporudi jioni. Siku ile hakuna aliyeuliza nani wa bweni gani.

Vifaranga walitoka, ingawa si wote. Waliotoka walilia hadi matroni akaja amefura, akachungulia boksi, akaishia kuuliza wanakula nini. Akampa msichana ruhusa awapeleke kwao.

Mbuzi alikwenda bweni la pili, kama nilivyoogopa. Siku ya karamu nilikuwa nimechutama nje nasugua masufuria, mafuta hadi viwikoni, nimenuna kwelikweli, simu yangu ikaita.

"Shikamoo mama," nikasema, baada ya msichana wa Sepuka, aliyepiga kutoka kwao, kumpa simu mama yake.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyeacha taa iwake?"

"Tuliiacha wote, mama."

Akasema asante. Akaanza kunieleza kifaranga yupi ana madoa na yupi mchokozi, kisha akawasogezea simu. Nikabaki nasikia vifaranga tu, wanalia karibu kabisa na simu. Machozi yakanitoka, na mikono yote masizi.

"Jamani, analilia nyama!" wapinzani wakapiga kelele, mifupa mikononi.

Nikawapa simu wasikilize wenyewe.