Likizo Niliyoshika Simu ya Kukhu

Kazi ilianza Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Aprili, saa moja na nusu asubuhi, mama akiwa mlangoni anafunga viatu vya kazini. Alinipa kabambe ya nyanya yangu, tunayemwita Kukhu, ile simu ya vibonye iliyofungwa mpira ili betri isidondoke.

"Simu ya Kukhu ikilia, unashika wewe. Asishike yeye."

"Mimi, mama? Mimi hata darasani siongei."

"Ndiyo maana nakupea wewe. Hao watu wanatafuta mtu wa kuongea."

Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuajiriwa. Nawaandikia nyinyi binamu zangu wadogo, kwa sababu nikirudi bwenini mmoja wenu atakalia hiki kiti, na sitaki aingie bila kujua lolote kama mimi.

Kukhu amekaa nasi hapa mtaani Kaptembwo tangu babu afe. Babu alikuwa mtu wa reli, na kila mwezi Kukhu hupata pensheni kidogo kwa simu. Ndiyo hununua dawa zake za presha. Mwezi wa pili jamaa fulani alimpigia. Hakuanza na mambo ya pesa. Alianza na "Mulembe, Kukhu," salamu ya kwetu kabisa, akauliza habari ya magoti, akauliza kama mvua imefika. Kukhu alifurahi mpaka akamwombea. Mwishowe jamaa akasema anatoka ofisi ya pensheni, faili ya marehemu iko karibu kufungwa, Kukhu ataje namba ya siri aiokoe. Kukhu akataja. Kwake hilo halikuwa jambo geni, hata kwa ejenti anayemtolea pesa alikuwa akiitaja kwa sauti, foleni yote inasikia. Pensheni yote ikatoweka, na mwezi huo alimeza dawa nusu nusu.

Sasa kazi yenyewe. Kuna wale wa "nimetuma kwa makosa". Huyo anatuma meseji ya uongo kwamba pesa imeingia kwako, halafu anapiga akilia, mtoto yuko hospitalini, tafadhali rudisha. Angalia salio kwanza, huruma baadaye. Halafu kuna wa laini. Huyu anataka kitambulisho chako pamoja na namba ya siri, kwa sababu akivipata anaweza kusajili namba yako kwenye kadi yake. Laini yako inakufa mkononi, na yeye anaendelea kuwa wewe.

Mmoja aliniambia, "Wewe katoto, pea mathe simu."

"Hayuko."

"Si namsikia akikohoa!"

"Anakohoa akiwa hayuko," nikasema, nikakata.

Lakini matapeli hawakunichosha kama mkubwa wangu wa zamu, yaani Kukhu mwenyewe, aliyekuwa ameketi hapo kando akisikiliza kila kitu. Kwa Kukhu, aliyepiga simu ni mgeni aliyefika nyumbani. Mgeni anakaribishwa, anaulizwa watu wa kwao, na akitoka anasindikizwa hadi barabarani. Hakatiwi.

"Umemkatia? Hata hujamuuliza ameamkaje?"

"Kukhu, huyo ni mwizi."

"Na mwizi hana mama?"

Nitawaambia ukweli. Zamani alikuwa akiongea na ile simu asubuhi nzima, anacheka peke yake. Sasa ilikuwa inalala kwa mapaja yangu. Ikilia ananiuliza ni nani, nami najibu, si mtu. Siku moja akasema, "Siku hizi napigiwa na si mtu tu." Nilienda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Wiki ya mwisho akaja Anko Wekesa, kaka ya mama, anayeziba magurudumu ya malori kule Mai Mahiu. Alikuja na mkate na soda mbili. Mama alikuwa kazini.

"Mathe, serikali inasajili wazee, kuna pesa," akasema. "Nipe kitambulisho na ile namba yako ya siri niende nikupigie hiyo foleni."

Kukhu alikuwa ameshaanza kufungua kitambaa alichofungia kitambulisho, kile anachoweka kifuani. Hakuna aliyekuwa ameniambia nifanye nini na mtu asiyepiga simu, anayeingia mlangoni na mkate. Anko huwa hata simwangalii usoni. Nikaongea nikiangalia sakafu.

"Anko, kusajiliwa hakutaki namba ya siri."

"Eh! Kumbe huyu huongea?" Akacheka.

"Twende sote kesho. Mama hatakuwa kazini."

Kicheko kikaisha. "Unaniita mwizi, kwa nyumba ya dada yangu?"

Nilikuwa nimeweka mkono wangu juu ya mkono wa Kukhu, na kitambulisho kilikuwa kiganjani mwake.

"Wekesa," Kukhu akamuuliza polepole, "namba ya siri ni ya nini?"

Anko akaeleza. Akaeleza sana: mtandao, ofisi, mtu wake wa ndani, foleni. Kukhu hakuuliza tena. Alikunja kitambulisho kwenye kitambaa, akakirudisha kifuani. Anko akamaliza soda yake, na Kukhu akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alilala kitandani na viatu vyake, akageukia ukuta.

Mama aliniambia nimefanya vizuri. Mimi sikujisikia vizuri. Sijui kama Anko alikuja kuiba. Pengine hiyo pesa ya wazee iko kweli, pengine alitaka tu kusaidia na hajui mambo ya namba za siri. Huwezi kujua, na bado lazima ukatae, halafu mkae tena meza moja Krismasi. Nastaafu nikiwa na miaka kumi na sita na nimechoka kama mtu wa sitini.

Asubuhi iliyofuata nilimwekea Kukhu kiti nje kwenye jua, nikafungua simu hadi pale pa kubadilisha namba ya siri, nikampa. Akavaa miwani. Alibonyeza tarakimu ya kwanza, akasita, akaniangalia.

"Geuka huko," akasema. "Hata wewe."

Nikageuka, nikaangalia ukuta wa jirani mpaka akamaliza.