Fanksheni ya Bwana Pitia-Kwangu

Dada yangu hutunza kinyongo vizuri kuliko anavyotunza meno yake. Anaandika programu za mizani, zile kubwa za kupimia mizigo ghalani. Mkuu wake tunamwita Bwana Pitia-Kwangu, maana ofisini mwao hata dirisha halifunguliwi kabla halijapitia kwake.

Huyo bwana aliandika fanksheni moja, kipande cha programu kinachosahihisha uzito, akaiweka kwenye faili lake na kupiga marufuku mtu kuligusa. Mizani ikawa inajikokota: mzigo umeshatua, namba bado zinacheza. Wateja walipolalamika, bwana akamgeukia dada mbele ya wote.

"Binti, programu yako mvivu kama mwenyewe. Isipochangamka kufikia Ijumaa, huna kazi hapa."

"Lakini mkuu, kila kipimo lazima kiite fanksheni yako..."

"Kompaila itanyoosha. Ina akili kukushinda."

Dada akarudi nyumbani amefura. Kompaila, akanieleza, ndiyo hugeuza maandishi yao kuwa lugha ya mashine. Ikiona fanksheni ndogo huichomeka palepale inapoitwa, safari zikaisha. Ila hiyo yao husoma faili moja moja. Iliyo kwenye faili jingine haiioni ndani, inabaki kuiita, nenda rudi, nenda rudi.

"Sufuria iko kwako, mwiko uko kwa jirani," akasema. "Hebu koroga uji hivyo."

"Si umwombe afungue faili?"

"Nimwombe? Kanitukana hadi mfagizi kanionea huruma!"

Kesho yake akaandika hesabu ileile upya ndani ya faili lake mwenyewe, jirani na inapotumika. Mizani ikatulia kabla mpakiaji hajaondoa mkono. Kazi imepona, angeishia hapo. Thubutu! Akaiamuru pia kompaila itupe nje ya programu kila fanksheni isiyoitwa.

Ijumaa, wateja wamejaa, akasema kwa adabu zote, "Mkuu, karibu upitie."

Namba zikatokea papo hapo. Bwana akavimba kifua. "Si nilisema kompaila itanyoosha?"

"Imenyoosha, mkuu. Hebu tafuta fanksheni yako humo kwenye programu."

Akatafuta. Akatafuta tena, miwani ikimteleza puani. "Umeifuta!"

"Faili lako sijaligusa, ulikataza. Fanksheni haikuitwa na mtu, ikatupwa. Niirudishe?"

Wateja wote wakamkodolea macho bwana.

"Iache," akanong'ona.

"Sijasikia, mkuu."