Uzi wa Mafundo Mawili

Siku ya kwanza niliingia duka la baiskeli la Fundi Mkuu Salum bin Hamisi, Mbeya mjini, nikiwa mfagiaji. Miaka ya hamsini hiyo, wanawake hatukushika spana. Alipoona naokota spoku na kuzipanga kwa urefu, akasema, "We Tumpe, weka ufagio chini."

Namba sikuzijua. Akanifungia uzi mafundo mawili: la karibu gurudumu la inchi ishirini na sita, la mbali la ishirini na nane. Unapima foki, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, toka penye ekseli hadi juu. Gurudumu kubwa kwenye foki ndogo litakwama, utajua mwenyewe. Dogo kwenye foki kubwa ndilo baya: linaingia, linazunguka, lakini rimu imekaa chini, vipira vya breki haviishiki.

"Likiingia usishangilie," aliniambia. "Hata mguu wako unaingia kwenye kiatu changu. Utafika nacho wapi?"

Alipofungua duka la pili akanipeleka Iringa, Mlandege. Kihehe sikukijua, Kiswahili changu cha kuombea maji. Mtu wangu alikuwa mmoja tu, Atuganile, mkunga wa zahanati, Mnyakyusa mwenzangu. Kila asubuhi alisimamisha baiskeli, "Ugonile, Tumpe!", ndiyo salamu ya kwetu, tukaongea lugha ya nyumbani mpaka chai ipoe.

Siku moja rimu yake ya mbele ikapinda, na mama mmoja alikuwa na uchungu Ipogolo, kule bondeni. Ishirini na nane hatukuwa nalo.

"Weka lolote, dada, mtoto hangoji!"

Nikaweka ishirini na sita. Likazunguka vizuri. Uzi nilikuwa nao shingoni, sikuuvua.

Breki yake ya nyuma ilikuwa imeshalika. Kwenye mteremko, ya mbele ikabana hewa. Yule mama alijifungua salama bila mkunga, lakini mkono wa Atuganile ulivunjika, ukaunga vibaya. Mkono wa kazi.

Miezi ikapita ndipo akaja.

"Habari za asubuhi, fundi."

Nikamwomba radhi kwa Kinyakyusa, maneno yote niliyokuwa nayo.

"Hakuna shida, fundi," akajibu kwa Kiswahili, akaenda zake kwa miguu.

Nilibaki Mlandege mpaka macho yakachoka. Sikutoa tena baiskeli bila uzi. Sasa nimepumzika nyumbani Mbeya, hapa Ilomba, na wajukuu wananiambia, "Bibi, namba si zimeandikwa kwenye tairi?" Najua. Ila baiskeli ikisimama mlangoni, nanyamaza kwanza, nisikie nitasalimiwa kwa lugha gani.