Jike la Kipanga wa Lweba

Pulchérie alikuwa amejifungua mtoto wake wa tatu, na mama mkwe alimkataza kushika jembe mpaka nguvu zimrudie. Basi akawa anashinda uani, kwenye mteremko ulio juu ya kijiji cha Lweba, kando ya ziwa, mtoto kifuani, macho kwenye mvule ambako kipanga wawili walikuwa wamejenga kiota. Hakuzoea kukaa bure. Ndege wale wakawa kazi yake.

Mmoja alikuwa mkubwa, habanduki kiotani. Wa pili, mdogo karibu nusu yake, alipenya matawini kama mshale na kurudi na njiwa kuchani. Watu walisema mkubwa ni baba na mdogo ni mwanawe.

Vifaranga vya jirani yao Constance vilipoanza kupotea, Eugène, mume wa Pulchérie, alitega mtego, akamnasa yule mdogo. Alimuua, akamtundika mtini ili mwenzake aogope.

Mkubwa hakuogopa. Alilia tu, akitazama upande ambao mdogo alikuwa akitokea. Mvua kubwa ikanyesha. Akatandaza mabawa juu ya makinda mawili yaliyokuwa kiotani, asitikisike. Pulchérie alimtazama mpaka moyo ukamwuma.

“Baba Florentine,” alimwambia mumewe, “ule uliua haikukuwa mutoto. Ilikuwa bwana yake.”

Eugène akacheka. “Bwana mudogo vile, bibi mukubwa vile?”

“We fikiria. Mukubwa anafunika batoto, anafukuza nyani. Mudogo iko mwepesi, anapita mbio kwenye matawi. Na tumbo yake iko kidogo, nyama inafika nyumbani.”

“Pengine iko sababu ingine.”

“Pengine. Mi sijui yote. Lakini mama ule iko na njaa.”

Mchana ule ule Eugène alikuwa amempa mkewe samaki mzima aliyetoka naye ziwani, yeye akalamba mchuzi. Aliinuka, akamshusha ndege mtini, akamfukia.

Njaa ilimtoa jike kiotani. Kwa ukubwa wake hakuhangaika na vifaranga: alimbeba mtetea wa Constance mzima mzima. Constance akaja na kijinga cha moto, akitaka mvule uchomwe.

“Mama, tunaomba usamehe,” Pulchérie alisema, akimkabidhi mtetea wake mwenyewe, yule wa madoa aliyekuwa akitaga vizuri. “Sisi ndio tuliua musaidizi wa ule kipanga.”

Constance alimchukua kuku, lakini salamu akazikata kwa muda mrefu. Eugène alisuka matenga mawili ya kufunikia kuku, moja akalipeleka kwa Constance, akaliacha mlangoni.

Kinda moja lilikufa. La pili liliruka kiangazi kilipoanza, likayumba juu ya shamba la muhogo, likatua kwenye kisiki. Pulchérie, aliyekuwa akilima tena na mtoto mgongoni, alisimamisha jembe. Hakuweza kujua kama ni dume au jike. Bado lilikuwa limejaa manyoya ya utoto. Alingoja mpaka lilipoinuka tena, ndipo akaendelea na tuta lake.